Maabara ya mtandao nyumbani, huku mwisho wa reli: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Ninafunga na kutengeneza mitandao hapa Kigoma mjini, na jioni nasoma na vijana wanaojiandaa na mitihani ya vyeti. Wengi wanataka CCNA ya Cisco, wachache MTCNA ya MikroTik, kampuni mbili zinazotengeneza vifaa vya mtandao. Wapo wa Mwanga, Gungu na Ujiji, na siku hizi wapo wa Tabora wanaopiga simu baada ya kuelekezwa na wenzao. Karibu wote huanza na swali moja, "Nitafute ruta gani?", yaani kile kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, na wengine huuliza pesa ikiwa imeshatumwa Dar. Hao ndio wanaoniuma. Nimeandika majibu haya yakufikie kabla pesa haijatoka mfukoni.

Je, ni lazima ninunue vifaa ndipo nifaulu CCNA?

Si lazima. Mtihani wa sasa unaitwa 200-301. Ulianza Februari 2020, na mwaka 2024 mada zake zilifanyiwa marekebisho. Ni mtihani mmoja wa dakika 120, ada yake dola 300 za Marekani kabla ya kodi, na cheti kinadumu miaka 3. Alama zimegawanywa hivi: misingi ya mitandao asilimia 20, swichi (kifaa cha kuunganisha kompyuta za mtandao mmoja) na mtandao wa ndani 20, uelekezaji wa IP 25, huduma za IP 10, usalama 15, na kuendesha mtandao kwa programu 10. Karibu kila kitu humo unaweza kukifanyia mazoezi kwenye laptop kwa programu ya bure.

Kama pesa uliyonayo inatosha ada au inatosha vifaa, lakini haitoshi vyote viwili, weka ada. Namfahamu kijana mwenye swichi tatu na ruta mbili chini ya kitanda, huu mwaka wa pili, na zile dola 300 bado hajazikusanya. Anajua kazi kuliko wengi wenye cheti, lakini anayesoma barua yake ya maombi hawezi kuziona swichi zake.

Packet Tracer inanifikisha wapi?

Mbali sana. Ni programu ya kuigiza mtandao kwenye kompyuta, imetengenezwa na Cisco wenyewe. Unajiandikisha bure kwenye Cisco Networking Academy, unaipakua, na laptop yenye RAM ya GB 4 inaibeba. Humo unafanya mada za mtihani kama VLAN (kugawa swichi moja iwe mitandao kadhaa), trunk, EtherChannel, OSPF (ruta kuelekezana njia zenyewe), NAT, DHCP, ACL na SSH (kuingia kwenye kifaa kwa usalama ukiwa mbali), tena mara mia bila kuunguza chochote.

Kwa sisi tunaonunua bando, kuna jambo la kuzingatia. Programu hii inataka uingie kwa akaunti yako inapofunguka. Kwenye dirisha la kuingia kuna kitufe cha kukuacha ukiwa umeingia kwa miezi 3. Kiwashe siku unayo intaneti, usije ukakwama Jumapili jioni bando limeisha na mazoezi yako yapo ndani.

Upungufu wake ni kwamba ni mwigo. Amri ambazo watengenezaji hawakuziweka hazipo, na ukikutana na amri iliyokataa usikimbilie kudhani umekosea wewe. Tena vifaa vyake havina historia. Kila ruta unayoivuta mle ni mpya, haina nywila ya mtu, haijawahi kuanguka wala kunyeshewa.

Sasa kama inatosha, kwa nini nihangaike na vifaa halisi?

Kwa ajili ya mkono na macho. Nitakueleza zoezi moja tu, utaelewa.

Chukua swichi mbili za Cisco 2960, ziunganishe kwa nyaya mbili. Mwanzo taa zote nne za poti hizo zinawaka rangi ya chungwa. Baada ya nusu dakika tatu zinageuka kijani, moja inabaki chungwa. Hiyo moja imefungwa na Spanning Tree, kusudi data isizunguke kati ya swichi hizo mbili bila mwisho. Sasa chomoa ule waya wenye kijani pande zote mbili, na uanze kuhesabu kwa sauti. Taa ya chungwa haitabadilika upesi. Sekunde 15 za kusikiliza, sekunde 15 za kujifunza, ndipo inageuka kijani na mawasiliano yanarudi. Halafu andika spanning-tree mode rapid-pvst kwenye swichi zote mbili, urudie kuchomoa. Safari hii hufiki hata "mbili".

Nimewafundisha vijana mada hii ubaoni, wakaitika, wiki iliyofuata wameisahau. Waliohesabu zile sekunde 30 kwa midomo yao hawajaisahau hadi leo, na wanaelewa kwa nini mteja analalamika kwamba mtandao "unafikiria" kila anapowasha kompyuta.

Halafu kuna kazi yenyewe. Kwa mteja utakuta waya uliotafunwa na panya, kichwa cha RJ45 kilichobanwa na mtu mwenye haraka, swichi iliyojaa vumbi jekundu na feni haizunguki. Hivyo vyote utavijua kwa kuvishika.

Pesa yangu ni kidogo. Kipi nianze nacho?

Anza na vitu vidogo ambavyo watu huviruka: krimpa ya kubania vichwa vya RJ45, testa ya waya, vichwa ishirini hivi, na mita chache za waya wa Cat5e. Hivi vinakuingizia pesa hata kabla ya cheti, maana kila duka na kila shule ina waya mmoja uliokatika. Jifunze mpangilio wa T568B mpaka vidole viujue: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Waya uangalie kabla ya kulipa. Mwombe muuza duka kipande, ukwangue kwa wembe. Ukiona wekundu mpaka ndani, ni shaba. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inakatika ukiikunja mara chache na haifai kufungwa ukutani kwa mtu aliyekuamini.

Baada ya hapo nunua kebo ya konsoli, ile ya kuunganisha laptop na kifaa ili ukiandikie amri. Ile ya zamani, bapa ya bluu, upande mmoja ina RJ45 na mwingine ina tundu la pini 9 ambalo laptop za leo hazina. Tafuta iliyounganishwa moja kwa moja, USB huku na RJ45 kule. Muulize muuzaji ndani kuna chipu gani. FTDI ni nzuri, CH340 nayo inafanya kazi. Zenye chipu bandia za Prolific, Windows 10 na 11 huzikataa, na utadhani swichi imekufa kumbe ni kebo. Ukishaichomeka fungua PuTTY, programu ya kuandikia amri hizo, chagua serial, kasi 9600.

Ndipo ufikirie swichi. Swichi mbili kwanza, ruta baadaye.

Swichi gani, na ruta gani?

Swichi: Catalyst 2960. Modeli ya WS-C2960-24TT-L imejaa sokoni na inafanya karibu yote unayohitaji. Herufi ya mwisho ina maana. L ni LAN Base. S ni LAN Lite, ambayo imepunguzwa uwezo. Usichukue 2950 hata ukipewa kwa bei ya kutupa, maana nyingi hazina SSH, na SSH ni sehemu ya mtihani. Kwa 2960 pia hakikisha jina la IOS, yaani mfumo endeshi wa kifaa, lina "k9" ndani yake. Bila k9 hakuna SSH.

Ukipata 3560 kwa nyongeza ndogo, hiyo moja iwe 3560. Inaelekeza data kati ya VLAN yenyewe bila ruta, na hiyo ni mada nzima kwenye mtihani.

Ruta: 1841 ni ndogo, haina kelele nyingi, na ina poti mbili za mtandao, zinatosha. 2811 ni kubwa zaidi, ina kilo 6 na ushee, na feni zake utazisikia chumba cha pili. Ukiwa na uwezo, 1941 au 2901 ni mpya zaidi, zina gigabiti, na zina konsoli ya USB ndogo. Ruta moja inatosha. Nyingine tatu zipo Packet Tracer.

Muuzaji ananiambia nichukue na kadi za serial, WIC-1T au WIC-2T. Nichukue?

Usichukue. Zilihitajika kwa mitihani ya zamani iliyokuwa na Frame Relay. Mtihani wa sasa hauna mambo hayo, na kebo zake pekee zitakugharimu bure.

Naweza kununua wapi nikiwa Kigoma au Tabora?

Madukani hapa Kigoma utapata nyaya, krimpa, ruta za nyumbani, na mara nyingine MikroTik. Vifaa vya Cisco vya mitumba viko Kariakoo na kwa watu wanaoviagiza kutoka nje. Mzigo unakuja kwa basi au kwa treni, zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo namna ulivyofungwa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mwambie muuzaji akufungie kwa boksi lenye sponji pembeni, na zile pembe za chuma za kufungia kwenye raki zitolewe. Zikibaki ndizo zinazopigwa na kukunja kasha.

Chanzo kinachosahaulika ni mnada. Mkoa huu umekuwa na ofisi na mashirika mengi kwa ajili ya kambi za wakimbizi, kule Kasulu na Kibondo, na mradi unapofungwa vifaa huuzwa. Tabora vivyo hivyo, ofisi zinabadilisha vifaa. Fuatilia matangazo ya mnada, nenda siku ya ukaguzi na kebo yako ya konsoli mfukoni, na ulipe kwa risiti. Kifaa kisicho na karatasi, kinachouzwa usiku na mtu asiyetaka kusema kimetoka wapi, kiache hapohapo. Hata kikiwa cha bei ya nyanya, siku moja mwenye nacho atakiona kwako.

Kuagiza mwenyewe kutoka Marekani au Ulaya sikushauri kwa kifaa kimoja. Swichi ya 2960 ina kilo 3 na nusu hivi, na baada ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 utakuwa umelipa zaidi ya bei ya Kariakoo. Kikija cha Marekani usiogope umeme wake. Vifaa hivi hupokea volti 100 hadi 240 vyenyewe, na waya wa pawa ni uleule wa kompyuta ya mezani.

Nikague nini kabla ya kulipa?

Mwombe muuzaji akutumie video, siyo picha. Kwenye video kifaa kiwashwe kutoka kimezimwa, skrini ya konsoli ionekane mpaka mwisho, halafu aandike amri hizi moja baada ya nyingine: show version, show flash, show inventory. Show version inakuonyesha toleo la IOS, jina lenye k9 au lisilo nayo, kiasi cha memori, na namba ya kifaa. Show flash inakuonyesha kwamba faili la IOS lipo kweli. Show inventory inakupa namba ya kiwandani (serial number), uilinganishe na kibandiko cha nyuma.

Kwa ruta za 1841 na 2811, uliza kadi ya CompactFlash kwa jina. Inakaa kwenye tundu lake, inachomoka kirahisi, na wapo wanaoichomoa wakauza ruta bila hiyo. Ruta isiyo na kadi inawaka vizuri, feni zinazunguka, taa ya kijani ipo, halafu kwenye konsoli inaandika rommon 1 na kusimama, yaani haijapata IOS ya kuwashia. Ukiangalia taa na feni tu huwezi kujua.

Muuzaji akisema "sina kebo ya konsoli, lakini inawaka", hiyo si taarifa. Hata taa ya ukutani inawaka.

Swichi imefika, nimeiwasha, inaandika "switch:" na haiendelei. Imekufa?

Haijakufa. Imefika bila IOS, au faili limeharibika. Nalijua hili kwa sababu lilinikuta mwenyewe kwa 2960 yangu ya pili. Muuzaji alikuwa ameifuta yote akidhani anaisafisha, na simu yangu hakuipokea tena.

Njia iliyobaki ni kupitisha faili kwenye kebo ya konsoli kwa Xmodem, njia ya zamani ya kutuma mafaili. Nilikuwa na swichi nyingine ya modeli ileile, nikachukua nakala ya IOS yake kwa TFTP (njia ya kunakili faili kupitia mtandao), faili la MB 11 hivi. Usiku nikaanza kulisukuma kwa kasi ya kawaida ya 9600. Kasi hiyo inapitisha herufi kama 960 kwa sekunde. Fanya hesabu: zaidi ya saa tatu. Nilikaa pale nikitazama namba zinavyopanda, saa ya kwanza, saa ya pili, na kwenye saa ya tatu umeme ukakatika. Faili la nusu halina faida. Nikaanza upya.

Siku iliyofuata nilisoma vizuri, nikakuta swichi yenyewe inakubali kuongezwa kasi. Pale kwenye switch: andika flash_init kwanza, kisha set BAUD 115200. Skrini itaandika takataka, ni sawa. Funga PuTTY na ufungue programu yenye Xmodem, kwa mfano Tera Term, kwa kasi hiyohiyo ya 115200. Halafu copy xmodem: flash: na jina la faili. Safari hiyo ilichukua chini ya nusu saa. Ikimaliza, usisahau kuirudisha konsoli kwenye 9600 kwa unset BAUD kabla ya kuandika boot, la sivyo fundi mwingine atakayeichomeka ataona takataka na kuitupa.

Kuhusu mafaili ya IOS: leseni za Cisco hazihamishwi kiholela, na mafaili yanayozagaa mtandaoni yanaweza kuwa yamechezewa. Ndiyo maana nasisitiza ununue kifaa chenye IOS yake ndani tangu mwanzo.

Kifaa nilichonunua kina nywila ya mwenye nacho wa kwanza. Nifanyeje?

Ruta: izime, iwashe, na ndani ya dakika ya kwanza tuma Break. Laptop nyingi hazina kitufe cha Break siku hizi, lakini kwenye PuTTY bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye upau wa juu wa dirisha, nenda Special Command, chagua Break. Ukiingia rommon andika confreg 0x2142, kisha reset. Ruta itawaka bila kusoma mipangilio yake. Ifute kwa write erase, halafu rudisha config-register 0x2102. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huisahau, kisha wananipigia simu kwamba ruta "inasahau" kila ikizimwa.

Swichi ya 2960: shikilia kitufe cha Mode mbele huku ukichomeka umeme, mpaka uone switch:. Andika flash_init, kisha rename flash:config.text flash:config.old, kisha boot.

Na hapa nina ombi. Ukikuta mipangilio ya ofisi fulani ndani, usiisome kwa udadisi wala usimwonyeshe mtu. Mle kuna nywila, anwani, funguo za VPN, na huenda ofisi hiyo bado inazitumia. Futa siku hiyohiyo. Nimeshika kifaa cha mnada kilichokuwa na mambo ambayo hayakupaswa kutoka nje ya jengo lile. Kazi yetu ni ya kuaminiwa, na kuaminiwa kunaanzia hapo ambapo hakuna anayekuona.

Vinakula umeme kiasi gani?

Swichi moja ya 2960 inakula kama wati 30. Swichi mbili na ruta ya 1841, tuseme wati 100 kwa pamoja. Ukisoma saa 3 kwa siku, ni uniti 0.3, yaani uniti 9 kwa mwezi. Ukiziacha zinawaka usiku na mchana, ni uniti 72 kwa mwezi. Kama nyumba yenu iko kwenye lile daraja la matumizi madogo lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, vifaa vyako vinakaribia kulimaliza vyenyewe, na matumizi kidogo ya wengine yataitoa nyumba nzima humo na mzee akaanza kulipa bei nyingine ya LUKU. Zima ukimaliza.

Na radi, joto, vumbi?

Kigoma miaka mingi iliendeshwa na majenereta ya dizeli, na wakongwe wa mitaa hii wanakumbuka umeme unavyoweza kupanda na kushuka. Weka stebilaiza, au UPS ndogo kama unaweza. UPS haitakusomesha gizani, ila inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Masika wingu likianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa pawa, na uchomoe pia nyaya za mtandao zinazotoka nje ya nyumba. Watu wanakumbuka pawa tu. Radi inayopiga karibu hupita kwenye waya mrefu wa nje na kuunguza poti, na ukiikuta poti imeungua, mara nyingi ya jirani yake nayo ina matatizo.

Vumbi la kiangazi, na ndugu zangu wa Tabora mnalijua zaidi yangu, linaziba feni. Kila baada ya miezi michache fungua kifuniko, pangusa kwa brashi laini ya rangi. Usiweke kifaa juu ya kingine moja kwa moja. Acha nafasi ya vidole viwili.

Nichague Cisco au MikroTik?

Inategemea unataka nini mwaka huu. Cheti cha Cisco kinatambulika na waajiri kila mahali. Lakini ukipita kwenye nyumba za wageni, shule na ofisi ndogo za mji huu, mara nyingi utakuta kiboksi cheupe cha MikroTik kimefungwa ukutani. Ukitaka kazi ya kesho, jifunze MikroTik sambamba na masomo ya CCNA.

Ile ndogo kabisa, hAP lite, ina poti nne na WiFi, na inatumia umeme wa volti 5 kwa kebo ya USB. Maana yake inawaka kwa pawabenki. Umeme ukikatika saa mbili usiku, kijana mwenye hAP lite mbili, pawabenki na laptop yenye chaji anaendelea na zoezi lake la OSPF mezani. Kwa mazingira yetu sijaona kifaa cha kujifunzia kinachoishinda kwa thamani ya pesa. Kumbuka tu memori yake ni MB 32, usiibebeshe mambo makubwa. Usipokuwa na pesa kabisa, MikroTik wanatoa CHR, yaani RouterOS (mfumo endeshi wa vifaa vyao) ya kuweka ndani ya kompyuta, bure, ila kila poti inabanwa kwenye megabiti 1 kwa sekunde. Kwa mazoezi inatosha.

Mtihani wa MTCNA huufanyi peke yako. Unafungamana na mafunzo ya mkufunzi aliyeidhinishwa na MikroTik. Uliza ratiba mapema.

GNS3, EVE-NG na CML, je?

Hizi nazo ni programu za kuigiza mitandao, ni nzuri, lakini zinataka kompyuta yenye nguvu, RAM GB 16 kwenda juu kama unataka raha. GNS3 na EVE-NG za bure hazikupi IOS, unailetea mwenyewe, na tunarudi kwenye suala la leseni. CML ni ya Cisco na inakuja na mifumo yake kihalali; kuna toleo la bure linalokuruhusu vifaa 5 kwa wakati mmoja. Kama laptop yako ina GB 4, baki Packet Tracer bila kujisikia mnyonge. Pesa ya kuongeza RAM ina faida kuliko pesa ya ruta ya pili.

Tuko wanne mtaa mmoja. Tunaweza kuchangia?

Fanyeni hivyo, ndiyo njia ninayoipenda. Kundi moja la Mwanga lilichangishana kama upatu: kila mwezi mchango, na badala ya kumpa mtu pesa wakanunua kifaa. Baada ya miezi michache walikuwa na swichi mbili, ruta na seti ya zana. Andikeni mapema mambo matatu: vifaa vinalala kwa nani, nani analipa uniti, na mmoja akihama anarudishiwa nini. Urafiki umevunjika kwa swichi moja, nimeshuhudia.

Faida kubwa ni zoezi la kuharibu. Mmoja anaingia peke yake, anabadilisha VLAN ya poti moja, anakata waya mmoja ndani ya kichwa, anaweka anwani ya IP inayofanana na nyingine. Wenzake wanaingia na kutafuta kosa. Hakuna programu inayokufundisha hivyo.

Mimi ni mzazi. Mwanangu anataka nimnunulie vifaa hivi. Nitajuaje hapotezi pesa?

Shikamoo mzazi wangu. Mwambie kwanza akuonyeshe mtandao alioutengeneza kwenye Packet Tracer, akueleze kwa Kiswahili cha kawaida kompyuta hii inamfikiaje ile. Akieleza ukaelewa hata nusu, mnunulie krimpa, testa na kebo ya konsoli. Akikufungia waya ambao testa inaupitisha taa zote nane, ndipo mzungumze habari ya swichi. Akikataa hatua hizo na kung'ang'ania ruta kubwa, subiri kidogo.

Mtihani naufanyia wapi?

Mitihani ya Cisco inasimamiwa na Pearson VUE. Unaweza kwenda kituoni, au kuufanyia nyumbani kwa kamera. Wa nyumbani unadai chumba kitupu, intaneti isiyokatika na kitambulisho ambacho jina lake linafanana herufi kwa herufi na ulilojiandikishia. Kwa hali ya umeme na mtandao wetu, mimi vijana wangu nawashauri wapande basi waende kituoni. Dola 300 ni nyingi mno kuziweka rehani kwa kukatika umeme.

Nikishafaulu, niviuze?

Swichi moja ibaki nayo, utaihitaji kupimia mambo kabla ya kuyapeleka kwa mteja. Nyingine mpe anayeanza, kwa bei ya haki. Kabla hujaikabidhi andika write erase, kisha delete flash:vlan.dat, kwa sababu VLAN hazikai kwenye mipangilio ya kawaida na write erase inaziacha. Kisha reload. Mwite mnunuzi akae mbele ya skrini, aone show version na show flash kwa macho yake, na umpe na waya wake wa pawa.